Seva Inayopoteza Majira na Kuyarudisha Yenyewe

Saa ya seva ikiharibika moja kwa moja, hupati taabu kuijua. Watu hawaingii kwenye mfumo, vyeti vya usalama vinakataliwa, na kila simu inayopigwa ofisini inaelekeza palepale. Taabu hasa ni ile seva inayopoteza majira kwa robo saa, ikayarudisha, ikakaa siku tatu kimya, kisha ikayapoteza tena usiku wakati hakuna anayeitazama. Asubuhi unaambiwa kwamba mtu alikataliwa namba ya siri ya tarakimu sita ambayo simu yake ilikuwa imetoka kuitoa sasa hivi, na kwamba kwenye hifadhidata kuna malipo yaliyoandikwa kabla ya ankara yake. Unatazama saa. Iko sawa.

Mwongozo huu unahusu hitilafu ya namna hiyo. Nimemlenga msimamizi wa seva za Linux anayetumia chrony kusawazisha saa. Kama unatumia ntpd ya zamani, mengi yatakufaa pia, kwa kuwa zote mbili zinazungumza itifaki ileile ya NTP, ambayo David Mills, ambaye baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliichapisha mara ya kwanza mwaka 1985, na toleo lake la nne linalotumika leo likatoka mwaka 2010.

Kabla ya jambo lolote, usiwashe upya huduma. Najua ndiyo njia ya haraka na najua bosi anasubiri. Lakini ukishaandika systemctl restart chronyd, programu inatuma maswali kadhaa mfululizo, inapata majibu, inarekebisha saa ndani ya sekunde chache, na kila kitu kinaonekana kimepona. Hakijapona. Ulichofanya ni kufuta ushahidi, maana rekodi ya maswali yapi yalijibiwa na yapi hayakujibiwa inakaa kwenye kumbukumbu ya programu inayoendesha, na inapozimwa inapotea. Wiki ijayo utarudi palepale ukiwa hujui zaidi ya unachojua leo.

Badala yake, ukiikuta seva bado imepotea, andika amri hizi na uhifadhi majibu yake kwenye faili:

chronyc tracking
chronyc sources -v
chronyc sourcestats
chronyc ntpdata
journalctl --utc -u chronyd --since "2 hours ago"

Kwenye Debian na Ubuntu jina la huduma ni chrony, bila d ya mwisho. Kama hitilafu huja usiku, ziweke amri nne za mwanzo kwenye cron zijiendeshe kila baada ya dakika tano, na tarehe itangulie kila zamu. Pia fungua logi za chrony zenyewe, kwa kuongeza mistari miwili kwenye faili la mipangilio:

logdir /var/log/chrony
log measurements statistics tracking

Ndiyo, mistari hiyo inadai huduma iwashwe upya mara moja ili ianze kazi. Fanya hivyo baada ya kuhifadhi majibu ya kwanza, si kabla.

Sasa kuhusu saa za watu na saa za mashine. Mhasibu akikwambia mfumo ulimkatalia saa tatu na nusu usiku, anamaanisha 21:30 kwa majira ya Afrika Mashariki. Lakini faili zilizo ndani ya /var/log/chrony huandikwa kwa UTC, kwa hiyo kwa seva iliyoko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala tukio hilo litafute kwenye 18:30, na kwa mtumiaji aliyeko Kigali, Bujumbura au Goma, ambako tofauti na UTC ni saa mbili, litafute kwenye 19:30. Na journalctl, usipoiambia --utc, inakuonyesha saa ya mahali. Kwa hiyo seva hiyohiyo inatoa logi mbili za tukio moja zikipishana kwa saa tatu. Nimeona watu wazima wenye ujuzi wakibishana nusu siku juu ya matukio mawili ambayo kumbe lilikuwa moja. Amua tangu mwanzo: kila kitu kwenye karatasi yako kiwe kwa UTC.

Hapo hapo kuna jambo la kukuondolea safari ndefu. Kama tofauti ya saa unayolalamikia ni saa moja kamili, mbili kamili au tatu kamili, acha kusoma mwongozo huu. Hiyo ni mipangilio ya kanda ya saa kwenye seva, kwenye programu au kwenye hifadhidata. NTP haibebi kanda ya saa hata kidogo; inabeba UTC tu.

Baada ya hapo fanya hesabu ndogo, ambayo watu wengi huiruka na kwa maoni yangu ndiyo inayofupisha kazi kuliko amri yoyote. Saa ya seva huendeshwa na fuwele, na fuwele ya kawaida hukosea kwa sehemu chache au makumi kadhaa kwa milioni. Tuseme inakosea sehemu 20 kwa milioni. Kwa siku nzima bila kusahihishwa itapotoka kwa sekunde 1.7 hivi. Kwa robo saa itapotoka kwa milisekunde 18. Na hiyo ni kabla ya kukumbuka kwamba chrony tayari imejifunza tabia ya fuwele hiyo na inaendelea kuifidia hata mtandao unapokatika, kwa hiyo kosa halisi litakuwa dogo zaidi ya hapo.

Sasa chukua taarifa uliyopewa: mawasiliano na vyanzo vya saa yalikatika kwa robo saa, na saa ikakutwa imekosea sekunde tatu. Sekunde tatu ndani ya sekunde 900 ni zaidi ya sehemu 3,300 kwa milioni. Fuwele haikosei hivyo. Kukatika kwa mtandao peke yake hakuwezi kueleza kosa hilo, hata ukiwa na uhakika kwamba mtandao ulikatika kweli. Kuna kitu kingine kilichoisogeza saa, na mtandao huenda ni shahidi tu aliyekutwa eneo la tukio. Kinyume chake, kama mawasiliano yalikatika na saa ikapotoka milisekunde chache tu, tatizo lako ni njia au chanzo, na huna haja ya kugusa mashine yenyewe.

Kwa hiyo washukiwa ni watatu: njia, chanzo, na saa yenyewe pamoja na wote wenye uwezo wa kuigusa. Tuanze na njia, kwa sababu ushahidi wake uko wazi zaidi ukijua kuusoma.

Amri ya chronyc sources inatoa jedwali, na ndani yake kuna safu inayoitwa Reach. Seva yenye afya huonyesha 377. Wengi wanajua kwamba 377 ni nzuri na 0 ni mbaya, wanaishia hapo. Namba hiyo ina mengi zaidi. Imeandikwa kwa namba za kizio cha nane, zile zisizo na tarakimu 8 wala 9, na ukiifungua inakupa biti nane: moja kwa kila swali kati ya maswali manane ya mwisho. Biti ya kulia kabisa ni swali la karibuni. Moja maana yake jibu lilifika, sifuri maana yake halikufika. Kila swali jipya linasukuma yaliyotangulia kwenda kushoto, na la zamani kabisa linadondoka.

Tuseme unakuta 357. Tarakimu ya kwanza, 3, inakupa 11. Ya pili, 5, inakupa 101. Ya tatu, 7, inakupa 111. Ukiziunganisha: 11101111. Hesabu kutoka kulia: manne yamejibiwa, la tano halikujibiwa, na matatu ya kabla yake yamejibiwa. Sasa tazama safu ya Poll. Ikiwa ni 10, maswali yanapishana kwa sekunde 1,024, yaani dakika 17 hivi. Swali lililopotea lilitumwa kama saa moja na dakika nane kabla ya swali la mwisho. Tayari una wakati wa kwenda kuulizia kwenye ruta na kwa mtoa huduma. Poll ikiwa 6, maswali yanapishana kwa sekunde 64, na historia yote unayoiona ni ya dakika nane na nusu tu. Ndiyo maana nimesisitiza uhifadhi kila dakika tano.

Ukizoea, maumbo ya kukatika utayatambua kwa kutazama. Mfululizo wa 376, 374, 370, 360 unaonyesha njia iliyokatika moja kwa moja na bado haijarudi. Ukiona 1, 3, 7, 17, 37, ni mawasiliano yaliyoanza upya, au huduma ambayo mtu ameiwasha upya bila kukwambia. Na kama matundu yametapakaa, mara 325, mara 253, mara 136, basi pakiti zinapotea ovyo: laini iliyojaa, au ofisi yenye watoa huduma wawili wanaopokezana mzigo huku mmoja wao akizuia mlango wa UDP 123.

Kuzuia huko kuna historia yake. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 wahalifu walitumia amri ya monlist iliyokuwamo kwenye matoleo ya zamani ya ntpd kurusha mafuriko ya pakiti kwa watu wengine, na tangu wakati huo watoa huduma wengi duniani wanabana au kupunguza kasi ya UDP 123. Kubana kwa kiwango ndiko kunakozaa hitilafu ya kuja na kuondoka: mchana, ofisi nzima inapouliza saa kupitia anwani moja ya nje, kikomo kinafikiwa na baadhi ya maswali yanatupwa; usiku, watu wakishaondoka, kila kitu kinapita.

Kuthibitisha kwamba ni njia, tumia chronyc ntpdata. Inakupa kwa kila chanzo namba tatu: Total TX, Total RX na Total valid RX, yaani maswali yaliyotumwa, majibu yaliyofika, na majibu yaliyofika yakakubalika. Kama yaliyotumwa ni mengi kuliko yaliyofika, kosa liko njiani. Kama yaliyofika ni mengi kuliko yaliyokubalika, njia ni nzima na ni majibu yenyewe yanayokataliwa. Hilo ni suala la chanzo. Ukitaka kujiridhisha kwa macho, acha tcpdump -ni any udp port 123 ikikimbia na uone maswali yakitoka bila kurudi. Ifanye kwenye seva, kisha kama una ruhusa ifanye upande wa nje wa faiawoli. Pakiti ikionekana ikitoka kwenye seva na haionekani ikitoka kwenye faiawoli, umeshapata mahali pa kwenda.

Njia inaweza pia kudanganya bila kupoteza pakiti hata moja, na hapa ningependa tukae kidogo. NTP hupima muda wa safari nzima, kwenda na kurudi, kisha huugawa kwa mbili kwa kudhani kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Sasa chukua seva inayopakia bakapu kwenda nje kila usiku saa saba. Laini ya kutoka inajaa. Swali la saa linachukua milisekunde 90 kufika kwa sababu limepanga foleni nyuma ya bakapu. Jibu linarudi kwa milisekunde 10 kwa sababu laini ya kuingia iko wazi. Jumla ni 100, chrony inagawa: 50 na 50. Kosa ni milisekunde 40, na seva inajiona imechelewa, hivyo inaharakishwa ifuate wakati ambao si wa kweli. Bakapu ikiisha, inajiona imewahi na kurudishwa nyuma. Reach muda wote ni 377. Kwa mfumo wa malipo wa duka milisekunde 40 hazina neno, lakini kundi la seva za Ceph huanza kulalamika tofauti kati yao ikizidi sekunde 0.05, na hapo umeshakaribia. Dalili ya ugonjwa huu ni kosa linalojirudia saa ileile kila siku, likiandamana na kupanda kwa ucheleweshaji wa safari kwenye logi ya measurements. Dawa yake ni kupunguza kasi ya bakapu au kuipa pakiti za NTP kipaumbele kwenye ruta. Bora zaidi, seva ipate saa kutoka kwenye chanzo kilicho upande wa ndani wa laini hiyo.

Watu wa ukanda huu tuna sababu ya ziada ya kulifikiria hili. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na mawasiliano yakahamishiwa njia nyingine. Seva ambayo vyanzo vyake vyote viko Ulaya inategemea njia hizo kwa kila swali inalouliza.

Tuje kwa chanzo. Dalili yake kuu ni Reach ya 377, ila mbele ya jina la chanzo hakuna nyota. Kwenye safu ya S ya chronyc sources, nyota ni chanzo kilichochaguliwa, alama ya kujumlisha ni kinachosaidiana nacho, na x ni chanzo ambacho chrony inaamini kinasema uongo. Alama ya kuuliza ni kisichofaa kutumika kwa sasa. Majibu yanafika lakini hayaaminiki.

Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni mipangilio yenye vyanzo viwili tu. Vikitofautiana, chrony haina namna ya kujua mkweli ni yupi, na logi itaandika Can't synchronise: no majority. Vikikubaliana tena, inaendelea. Hiyo ndiyo hitilafu yako ya kuja na kuondoka, na ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza kwenye faili la mipangilio. Vyanzo vitatu vinatosha kumtambua mwongo mmoja, lakini kimoja kikipotea njiani umerudi kwenye viwili. Kwa hiyo weka vinne au zaidi, na uhakikishe ni vinne kweli: majina manne yanayoishia kwenye ruta moja ni chanzo kimoja.

Sababu ya pili ni seva ya Windows inayotumiwa kama chanzo cha saa cha ofisi. Seva hizo mara nyingi hutangaza kwamba kosa lao linaweza kuwa kubwa, sekunde tatu au zaidi, na chrony kwa kawaida hukataa chanzo ambacho umbali wake wa kosa unazidi sekunde 3. Namba ikizungukazunguka hapo kwenye mpaka, chanzo kitakubalika asubuhi na kukataliwa mchana. Itazame kwenye ntpdata, mstari wa Root dispersion. Unaweza kuongeza maxdistance 16.0 kwenye mipangilio ya chrony na tatizo likatulia, lakini mimi ningeanza kwenye Windows yenyewe kwa w32tm /query /source. Ikijibu Local CMOS Clock, seva hiyo haipati saa popote. Inawagawia wenzake saa ya bodi yake. Ukipandisha kikomo hapo utakuwa umeilazimisha chrony kumwamini asiye na habari.

Kwa mshukiwa wa tatu, rudi kwenye hesabu ya fuwele. Kama saa iliruka kwa zaidi ya uwezo wa fuwele, tafuta kwenye logi maneno Forward time jump detected! au Backward time jump detected! Chrony huyaandika inapoona kwamba saa imesogezwa na mwingine, na kuanzia hapo husahau vipimo vyake vya zamani na kuanza upya.

Huyo mwingine ni nani? Kwenye mashine pepe, mara nyingi ni mashine mwenyeji. Mashine pepe ikisimamishwa kwa muda, ikipigwa picha ya hali yake, au ikihamishwa kutoka mwenyeji mmoja kwenda mwingine ikiwa hai, muda unapita nje huku ndani umesimama. Ikiamka, ama imechelewa, ama zana za mwenyeji zinaisukuma mbele ghafla. Kwa VMware, vmware-toolbox-cmd timesync status itakuambia kama zana hizo zinasawazisha saa; lakini hata jibu likiwa Disabled, kusawazisha kwa mara moja baada ya picha au uhamisho kunaweza kuendelea hadi kuzimwe kwenye mipangilio ya mashine yenyewe. Linganisha nyakati za miruko na ratiba ya bakapu ya mwenyeji. Zikioana kwa dakika, umefika. Na kama saa ya mwenyeji yenyewe haijasawazishwa, jambo ambalo si la nadra, basi kila usiku anamwambukiza mgeni wake kosa lake, na chrony inatumia dakika zinazofuata kulisafisha.

Pengine ni programu mbili ndani ya seva moja. Tazama kama systemd-timesyncd au ntpd zinaendesha pamoja na chronyd. Pekua cron kwa grep -r ntpdate /etc/cron* na usisahau crontab ya root. Seva zilizorithiwa kutoka kwa msimamizi aliyeondoka mara nyingi zina mstari mmoja wa ntpdate wa kila saa, uliowekwa miaka mingi iliyopita kwa nia njema. Ikishindikana kumpata kwa kupekua, mtegee:

auditctl -a always,exit -F arch=b64 -S clock_settime -S settimeofday -k saa

Baada ya mruko unaofuata, ausearch -k saa itakutajia jina la programu iliyoseti saa. Zana za mwenyeji zinazofanya kazi kupitia kiini cha mfumo zinaweza kupita bila kunaswa, kwa hiyo ukimya wa mtego huo kwenye mashine pepe si kumtakasa mwenyeji.

Kwenye seva ya chuma, tazama mstari wa Frequency wa chronyc tracking kwa siku kadhaa. Kwa seva yenye afya namba hiyo inabadilika kidogo, labda pamoja na joto la chumba. Ikiruka kutoka 12 leo hadi 200 kesho, tafuta kwenye dmesg ujumbe unaosema kiini kimeitia clocksource tsc alama ya unstable. Hapo kiini kimeacha kaunta ya haraka ya prosesa na kuhamia nyingine, na mwendo wa saa umebadilika ghafla. Kuboresha BIOS huwa ndiyo hatua ya kwanza. Na kama hitilafu hujitokeza kila baada ya umeme kukatika, badilisha betri ya bodi, ile ya mviringo ya CR2032, bei yake ni ndogo na kwenye seva nyingi kuukuu imekwisha kabisa. Seva inayoamka ikidhani ni mwaka 2010 itakataa vyeti vyote vya usalama, na ntpd isipopewa ruhusa maalumu hujizima yenyewe ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000.

Ukishampata mkosaji, mipangilio ya kuanzia ninayoipendekeza ni hii:

pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
server ruta-ya-ofisi iburst
driftfile /var/lib/chrony/drift
makestep 1.0 3
rtcsync
logchange 0.5

Ruta iweke tu kama yenyewe ina vyanzo vya kuaminika. Kama mtoa huduma wako au kituo chako cha seva kinatoa NTP, kitangulize. Neno pool lina faida yake: chanzo kilichokufa chrony hukibadilisha yenyewe, bila kukisubiri kifufuke.

Mstari wa makestep nauombea umakini. Unasema saa iruhusiwe kurukishwa ikiwa tofauti inazidi sekunde moja, lakini kwa marekebisho matatu ya mwanzo tu baada ya huduma kuwaka. Utashauriwa uandike -1 badala ya 3 ili saa irukishwe wakati wowote. Kwa mashine pepe inayosimamishwa na kuamshwa mara kwa mara sina pingamizi. Kwa seva ya hifadhidata napinga: saa ikirudishwa nyuma ghafla katikati ya kazi, ndipo malipo yanapotangulia ankara. Bila kurukishwa, chrony inaweza kufuta kosa la sekunde moja kwa sekunde 12 hivi kwa kuiharakisha au kuipunguza mwendo, na wakati haurudi nyuma kamwe.

Kisha weka tahadhari, na usiitegemee Leap status peke yake, maana neno Normal linaweza kukaa hapo muda mrefu baada ya majibu kukoma kuja. Chukua kutoka kwenye tracking namba tatu: System time bila alama yake ya kujumlisha au kutoa, ongeza Root dispersion, ongeza nusu ya Root delay. Jumla hiyo ndiyo kikomo cha juu cha kosa la saa kwa hesabu ya chrony yenyewe, na inakua taratibu kila dakika ambayo seva haisikii kutoka kwa vyanzo. Chagua kikomo kulingana na kazi: Kerberos kwa kawaida huvumilia dakika 5, namba za siri za muda hubadilika kila sekunde 30, na kundi la Ceph tumeshaliona.

Mwisho, ijaribu. Chagua mchana wa kazi ambao upo karibu na seva, wajulishe wenzako, kisha ifungie njia mwenyewe:

iptables -I OUTPUT -p udp --dport 123 -j DROP

Tazama Reach ikishuka, jumla ya namba zile tatu ikipanda, na uone kama tahadhari inakufikia kabla saa haijapotoka kiasi cha kuumiza mtu. Poll ikiwa 10, ipe saa mbili na nusu ili maswali yote manane yapite bila jibu. Kama tahadhari haikuja, punguza kikomo na urudie. Ikija, ondoa kizuizi kwa amri ileile ukiweka -D mahali pa -I, na usubiri hadi 377 irudi kwenye kila chanzo kabla hujaondoka.